Kiti cha Mtu Asiyetaka Kupimwa

Kuna wiki moja naikumbuka kuliko wiki ya harusi yangu, mwanangu, nayo ni ile ambayo ukoo mzima ulitafuta kiti kimoja mpaka mji wa Kasulu ukachoka kutuona. Imenirudia juzi, uliponionyesha kwenye simu picha ya kochi unalotaka kuweka sebuleni kwako. Nikakuuliza kama umelikalia. Ukanijibu kwamba rangi yake inaendana na mapazia.

Nikanyamaza. Hukuona jinsi nilivyonyamaza, lakini bibi yako, mama yangu, aliona, akanisogezea maji ya kunywa. Sasa hasira zimepoa kidogo na nimepata kalamu. Soma polepole.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwishoni. Nilikuwa kijana, sijaoa, nimepanga nyumba ndogo karibu na soko la Kasulu. Mchana nilikuwa karani katika ghala la mahindi, jioni nasoma masomo ya watu wazima, na kwa sababu hiyo nilikuwa najua kila kitu. Usicheke. Anayesoma asubuhi husikia jambo mara moja tu. Anayesoma jioni amekwisha kulisikia mchana kutwa kutoka kwa wanaolikosea, kwa hiyo analijua pande zote mbili. Sebuleni kwangu kulikuwa na mkeka, benchi moja, na kalenda ya mwaka uliokwisha ambayo niliipenda kwa sababu ya picha ya twiga. Nilijiona tajiri.

Basi Baba akaanguka. Alikuwa kijijini kwetu Kagerankanda, amepanda kuezeka paa la jiko, mguu ukateleza. Paa lenyewe halikuwa refu, mbuzi angeruka kutoka pale akatua akitafuna. Lakini Baba alipowasimulia watu wa kuja kumpa pole, paa liliongezeka urefu kila siku, na kufikia Jumapili ya pili lilikuwa limeupita mnara wa kanisa. Nyonga ilipata ufa. Hospitali walimlaza, wakamruhusu, wakatuambia asikae chini, asikunje mguu sana, na asilale kutwa kitandani, maana mguu utakakamaa na hatatembea tena. Nikamchukua kwangu Kasulu, Mama akaja kumuuguza.

Sasa elewa tatizo. Sisi Waha baba wa nyumba hukaa kwenye kigoda chake, intebe, kifupi, cha mti mmoja uliochongwa. Baba alikuja nacho. Akikikalia, magoti yanafika kidevuni, na kuinuka hawezi. Benchi langu halikuwa na pa kushika. Kwa hiyo mzee alikuwa analala. Na kibaya zaidi, dada yangu Felista alikuwa ameposwa na mwalimu wa kutoka Kibondo. Wakwe walikwisha kuahirisha safari mara moja kwa ajili ya ile nyonga, na sasa walikuwa wametuma neno kwamba Jumamosi wanakuja kukamilisha mazungumzo. Kaka yangu mkubwa, Gervasi, alipendekeza waingie tu chumbani wamsalimie pale alipo.

Baba alimtazama kama anayetazama mvua ya mawe.

"Sitampa mtu binti yangu nikiwa nimelala chali," akasema. "Nikikaa, waje. Nisipokaa, wakae kwao."

Hapo ndipo kiti kilipoacha kuwa kiti, kikawa ndoa ya Felista.

Gervasi alikuwa dereva wa lori, mtu wa mbio, mtu wa moyo mkubwa na masikio madogo. Hakuuliza mtu. Akaenda Kigoma na mzigo wake wa maharage, akarudi na kochi. Mwanangu, lile halikuwa kochi, lilikuwa ng'ombe mjamzito aliyevishwa mahameli nyekundu. Lilipita mlangoni baada ya kuvunja fremu. Likajaza sebule, mkeka ukalazimika kutoka nje. Majirani walikuja kulishika kwa vidole wakiguna. Gervasi alisimama pembeni amefunga mikono kifuani, amefurahi kuliko bwana harusi.

"Makochi ya namna hii hukaliwa na mabwana wakubwa," akasema. "Baba, karibu."

Tukamshika Baba, tukamgeuza, tukamwachia taratibu. Akazama. Sisemi alikaa, nasema alizama. Sponji ilimeza kiuno, ikameza kifua, tukabaki tunaona kofia na magoti mawili.

"Gervasi," sauti ikatoka humo ndani, "hiki kitu kina mwisho?"

Tulicheka, Mungu atusamehe. Tulicheka mpaka ulipofika wakati wa kumtoa. Mama alivuta mkono wa kulia, mimi nikavuta wa kushoto, Gervasi akasukuma mgongo, na Baba, ambaye alikwisha kuchomwa na moto wa msituni bila kutoa sauti, akapiga kelele moja ambayo siwezi kuiandika. Mguu ukavimba. Siku mbili nzima hakutoka kitandani hata kwenda uani.

Unadhani Gervasi alikubali? Alisema Baba hajalizoea. Alisema kochi jipya huwa hivyo, linahitaji kukaliwa na watu wazito kwanza. Akawa analeta matingo wake wa lori jioni, wanapanda juu yake na mabuti, wanakunywa chai yangu, eti wanalilainisha. Kulilainisha, mwanangu. Kitu ambacho shida yake ilikuwa ulaini. Nilitaka kung'oa nywele zangu, na wakati ule nilikuwa nazo.

Nikajaribu mimi. Nilimwendea katekista, nikaazima kile kiti kirefu cha mikono anachokalia padri akija. Tukakibeba kwa heshima kama tunabeba sakramenti. Baba akakiangalia, akauliza kimetoka wapi, nikamwambia.

"Mnanikalisha karibu na Mungu kiasi hicho kwa haraka gani?" akauliza. Tukakirudisha.

Ikabaki kutengenezesha. Nyuma ya soko palikuwa na fundi seremala, Dezire, Mkongo aliyevuka ziwa wakati wa vita vya kwao, mtu mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi hata akiwa anapiga randa. Alitupokea vizuri.

"Munataka fotei ya muzee," akasema. Kwao kiti cha mikono wanakiita fotei, na akilitamka hivyo unaona kabisa kitakuwa kizuri. "Mi naweza. Leteni bipimo. Kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Bila bipimo mi natengeneza kuni."

"Si ukadirie tu?" akauliza Gervasi.

"Ulikadiria ile ya kwako nyekundu," akasema Dezire. Habari zilikuwa zimekwisha kufika sokoni. "Mulete muzee hapa, nimupime mi mwenyewe."

Tulitazamana mimi na kaka yangu, kisha tukatazama pale mbele ya karakana. Mbele kabisa, mahali ambapo fundi mwingine angepanga stuli na meza, Dezire alikuwa amesimamisha majeneza. Hakuwa na ubaya. Kiti mtu huagiza mapema, jeneza huhitajiwa leo hii, kwa hiyo lazima yakae tayari. Lakini kwa Baba na wazee wa rika lake seremala alimpima mtu mmoja tu, naye ni yule aliyekwisha kufa. Fundi cherehani akuzungushie futi atakavyo, kiunoni na mabegani, utacheka naye. Ila mtu wa mbao akiweka kamba juu ya mwili wako, wewe umeshahesabiwa miongoni mwa marehemu. Ndivyo walivyoamini, na Baba aliliamini hilo kuliko alivyoamini dawa za hospitali.

Tukarudi nyumbani. Mama tukamweleza nje, karibu na jiko, kwa kunong'ona.

"Mimi kamba sishiki," akasema. "Nimekaa na huyu mtu miaka yote, simpimi."

"Basi muulize tu kama anaruhusu," nikasema.

"Muulize wewe uliyesoma."

Kumuuliza nilishindwa. Gervasi naye akaja na mawazo yake, na kila nikiyakumbuka napandwa na mori upya, zaidi kwa sababu niliyakubali. Alisema Baba akishakula ugali wa mchana hulala usingizi kama gogo. Tuingie na kipande cha kamba ya katani, nishike upande wa kisigino, yeye apeleke mpaka gotini, tufunge fundo, tutoke. Hatajua.

Tukaingia, watu wazima wawili, tunatembea kwa vidole vya miguu. Baba anakoroma. Nikapiga magoti, nikashika kamba kwenye kisigino. Gervasi akainyoosha. Akawa anatafuta mahali pa kufunga fundo. Mimi nikainua macho nimwambie afanye haraka, nikaona jicho moja la Baba liko wazi, linatutazama, na mkoromo bado unaendelea.

Kisha mkoromo ukakoma.

"Gervasi."

"Naam, Baba."

"Nimekufa saa ngapi?"

Gervasi akaivuta kamba, akaitia mfukoni.

"Nauliza," akasema Baba kwa upole kabisa, na upole wake ulikuwa unatisha kuliko fimbo, "ili nijue kama mmekwisha kupeleka habari kwa ndugu zangu. Au mimi ndiye wa mwisho kuambiwa."

Tulijaribu kueleza. Tulisema kiti, tulisema fundi, Gervasi akasema fotei, nadhani alifikiri neno la kigeni litasaidia. Baba akageukia ukutani. Jioni hakula. Asubuhi hakula. Mama alimpelekea uji, akaambiwa uji wa marehemu wapewe waombolezaji. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi, na leo ilikuwa Jumatano, na baba wa bibi harusi alikuwa amejitangaza maiti. Nilikwenda kazini nikahesabu magunia vibaya. Nilirudi nikamkuta Gervasi amelala juu ya kochi lake, kichwa tu kinaonekana, anasema yote haya ni kwa sababu Baba mkaidi. Baba naye, ng'ambo ya ukuta, anamwambia Mama kwamba wanawe ni wajinga. Na Mama katikati ananiambia mimi nifanye kitu. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa na sababu, isipokuwa Felista aliyekuwa kimya.

Yeye ndiye aliyeingia chumbani siku ile jioni. Sisi tulibaki mlangoni.

"Data," akasema, akatumia neno la nyumbani la kumwita baba, "kesho kuna gari la Kibondo. Nitatuma neno wasije. Wewe upone kwanza. Na kama wakichoka kungoja, basi."

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alisema kama mtu anayeuza mbuzi wake wa mwisho.

Baba akajigeuza kutoka ukutani kidogo kidogo, akijishika hapa na pale, tukiogopa kumsaidia.

"Nani kasema wasije?" akauliza. Kisha akatuona pale mlangoni. "Nyinyi mafundi, ingieni. Hiki kitanda, asubuhi nani huniinua?"

Gervasi akanitazama mimi.

"Nimeuliza."

"Unainuka mwenyewe, Baba," nikasema.

"Na nikirudi kutoka uani nakaa juu yake, nani hunikalisha?"

"Unakaa mwenyewe."

"Napiga kelele?"

"Hupigi."

"Sasa niambieni, nyinyi mmoja wa magari na mwingine wa madaftari. Mnanipima mimi niliyeharibika, mnaacha kupima kitanda ambacho hakijaharibika?"

Sote tukakitazama kitanda kana kwamba kimeingia sasa hivi.

"Mmekwenda Kigoma kuuliza kiti changu," akaendelea. "Mmekwenda kanisani kuuliza kiti changu. Mmekwenda kwa Mkongo kuuliza kiti changu. Mimi nipo chumba cha pili. Nyonga imepasuka, mdomo haukupasuka. Nani alikuja akaniuliza, Baba, unainukaje?"

Hakuna aliyekuja. Tulimbeba, tulimnunulia, tulimwazimia, tulinong'ona habari zake, mpaka tukamwibia urefu wa mguu akiwa amelala. Kumuuliza kulitushinda sote, na nilikuwa nasoma jioni.

Gervasi, kwa aibu, akaikamata kamba akaiteremsha pembeni ya kitanda.

"Ngoja," akasema Baba. "Hapo hakuna mtu juu yake. Godoro hubonyea." Akajisogeza, akakaa ukingoni, nyayo zote mbili zimefika chini sawasawa. "Sasa pima. Kitanda. Ukigusa mguu wangu nakulaani."

Ungemwona Gervasi na mwili wake ule, amelala kifudifudi sakafuni, anapitisha kamba kando ya mguu wa baba yake kama anayetegua mtego wa chui. Kisha Baba akatuonyesha anavyosimama. Hushika mbao ya kichwani mwa kitanda, mkono ukiwa umekunjika kiasi hiki, anajisukuma, hajivuti. "Mikono ya kiti ifike hapa," akasema, "na itokeze mbele, nisiitafute. Mgongo ulionyooka. Na hiyo sponji yenu iwe ngumu kama mkate wa juzi."

Tukapeleka maneno hayo kwa Dezire neno kwa neno. Gervasi akajaribu kuongeza la kwake, sponji iwe nene kidogo, kwa ajili ya kupendeza.

"Yaya, wewe kaa kule inje," fundi akamwambia, yaya kwao ni kaka, bila hata kuinua kichwa.

Kiti kiliisha Jumamosi asubuhi. Lori la Gervasi lilikuwa limeharibikia njiani, kwa hiyo alikibeba kichwani kutoka karakana, akikatiza sokoni, na kila muuza nyanya akamuuliza kama hiki nacho kinameza watu. Kilikuwa cha mninga, kipana mikono, kimesimama wima kama askari. Sitakudanganya, hakikuwa kizuri. Kilifanana na sanduku lililofikiriwa vizuri. Kochi tulilisukumia chumbani kwangu. Baba akatoka akiegemea fimbo yake, akakizunguka kiti mara moja, akakibonyeza kwa kiganja, akakaa. Akaomba chakula.

Wakwe walifika mchana, vumbi la Kibondo limewajaa mpaka kwenye kope, mbele yao mzee mmoja mfupi, baba wa yule mwalimu, ameshika kofia mkononi. Kwetu mwenyeji wa shughuli kama ile humpokea mkwe wake akiwa amesimama, mikono yote miwili. Nikamwona Mama anaanza kuinuka ili amsaidie Baba. Baba akamtazama mara moja tu, Mama akakaa. Gervasi aliyekuwa nyuma ya kiti akaificha mikono yake mgongoni, ili isimponyoke.

Baba akaweka viganja kwenye mikono ya kiti. Akarudisha nyayo nyuma kidogo. Akajisukuma. Niliona mshipa wa shingo umesimama, nikamwona Felista kwenye mlango wa jiko amefumba macho. Kisha alikuwa amesimama, mrefu kuliko nilivyomkumbuka.

"Mwakeye," akasema, akimsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee mwenzangu," yule mkwe akamjibu, wakashikana mikono. "Kaa, kaa, tafadhali. Tumesikia ulianguka."

"Nilianguka," akasema Baba, na hakukaa. "Nanyi mmenikuta nimesimama. Karibuni, tuzungumze habari za watoto."

Mwanangu, hayo ndiyo niliyotaka kukuambia siku ile ya simu, nikaishia kunywa maji. Usinunue kiti kwa macho. Nenda dukani ukakae, tena ukae kwa kitako chote, si kwa ukingo kama mgeni wa msibani. Tazama nyayo zako kama zimefika chini. Tazama mikono yako imepata pa kutua. Zungumza na muuzaji mpaka achoke, halafu inuka bila kujitupa mbele na bila kumwomba mtu mkono. Ukishindwa kuinuka wewe, mwenye magoti mapya, fikiria mama mkwe wako, fikiria mkeo akiwa na mimba kubwa. Mapazia hayakai, mapazia yananing'inia tu, usiyaulize.

Na kubwa kuliko hilo: ukiwa na mzee ndani, au mgonjwa, usimzunguke. Tunawapenda wagonjwa wetu mpaka tunasahau kwamba wanasikia. Ingia chumbani, kaa karibu naye, muulize anataka nini na anakiwezaje. Atakujibu, pengine kwa ukali. Vumilia ukali wake, ndani yake mna vipimo vyote unavyohitaji.

Mungu aibariki sebule yako, mwanangu, isikose wa kukaa wala wa kukaribisha. Akupe wageni wanaokuja kwa heri na kuondoka kwa heri. Akujalie uzee ambao watoto wako watakuuliza kabla ya kukuamulia. Na kila utakapoketi chini umechoka, akupe nguvu ya kuinuka tena mwenyewe.